Mume wangu anasema uzi hauliwi

BARUA YA MSOMAJI

Hujambo, Mama Mshauri?

Naandika kutoka Nakuru na naomba jina langu lisitokee, kwa sababu wifi yangu ni msomaji wako sugu.

Nina miaka 39, nimeolewa na tuna watoto watatu. Nafundisha chekechea katika shule ya kibinafsi huku Free Area. Mshahara ni shilingi 17,500, nao tangu mwaka jana huja unapotaka wenyewe: mara tarehe 5, mara tarehe 19, mara nusu na ahadi. Mume wangu ni dereva wa lori. Zamani alikuwa akienda Malaba mara mbili kwa wiki. Siku hizi anaweza kukaa nyumbani siku tisa akiangalia simu, akingoja tajiri ampigie. Hatulali njaa, lakini kila kitu kinahesabiwa. Hata mafuta ya kupikia tunanunua ya kupimiwa.

Tatizo langu ni uzi.

Najua utacheka. Wenzangu wanakuandikia kuhusu pombe, kamari na mipango ya kando, nami naja na uzi wa kufuma. Lakini imefika hali kwamba mume wangu akiinama kutafuta kiatu chini ya kitanda, moyo wangu unasimama. Huko chini kuna sanduku langu la shule ya upili, lile la bati, na ndani yake mna mabonge 61 ya uzi. Juu yake nimetandaza nguo kuukuu za mtoto.

Kufuma nilianza nikiwa darasa la tano, enzi za somo la sanaa na ufundi, tuliponoa spoku za baiskeli kwenye saruji hadi zikawa sindano. Kroshia nilifundishwa na mama. Nilipoolewa niliacha. Nikarudia mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na sisi walimu wa shule za kibinafsi tukakaa bila senti. Wakati huo bonge lilikuwa shilingi 80. Leo duka lilelile linaniuzia 150.

Sijui nikuelezeje kinachonipata nikishika kroshia. Kichwa kinanyamaza. Hesabu za kodi, za gesi, za viatu vya mtoto wa pili vilivyofunguka mdomo, zote zinakaa kando, inabaki hesabu moja tu: vitanzi vitatu, ruka kimoja, vitanzi vitatu. Tokeni za stima zikiisha nafuma gizani. Vidole vinahesabu vyenyewe. Nikimaliza safu kumi najua leo kuna kitu kimoja kilichosonga mbele.

Na si lazima uzi uwe mpya. Nina uzi wa rangi ya maziwa ambao nimeufuma mara nne. Ulikuwa shali, nikaufumua, ukawa kitambaa cha meza, nikaufumua, ukawa kofia mbili na soksi za mtoto wa jirani ambazo sikumpa, na sasa ni shali tena. Hili sijamwambia mtu, naona haya.

Lakini siwezi kusema sinunui. Nanunua. Na la ajabu, naenda dukani zaidi mshahara ukichelewa. Mwenye duka ananiita mwalimu, ananivutia stuli, ananitandazia rangi: buluu ya bahari, kijani cha majani ya chai, na ile nyekundu nzito ya damu ya mzee. Natoka na bonge moja au mawili, nayatia mkobani chini ya vitabu vya watoto, na nikikuta mume wangu hayupo nayashusha sandukuni.

Katikati ya Septemba alinijia mama mmoja aliyeona blanketi nililomfumia mtoto wa mwalimu mwenzangu. Akasema ana duka la nguo za watoto na anataka mablanketi 12 ya rangi moja kabla ya Krismasi, kila moja shilingi 1,300. Blanketi moja linakula mabonge matano. Nilijua nikinunua kidogo kidogo rangi haitalingana, kwa sababu uzi hutiwa rangi kwa mafungu na fungu lijalo hutoka tofauti kidogo. Ukiunganisha, mstari unaonekana ukiwa mlangoni. Kwa hiyo nilinunua mabonge 60 kwa mpigo, shilingi 9,000. Arbuni sikumwomba. Alikuwa amevaa vizuri na alizungumza kwa upole.

Hizo pesa zilitoka wapi? Ilikuwa zamu yangu kwenye chama. Nilipokea 10,000, na tulikuwa tumekubaliana na mume wangu kwamba ni za kifungua mimba wetu, aliyemaliza mtihani wa Gredi ya 9 na Januari anaingia Gredi ya 10 shule ya bweni. Nilimwambia nimeziweka kwenye sako. Nilidhani zitakuwa zimerudi, tena zimezaa, kabla hajauliza.

Siku ishirini baadaye, mablanketi mawili yakiwa tayari, nilimpigia yule mama. Mteja hapatikani. Hadi leo mteja hapatikani.

Sasa tumeanza kuandika orodha ya shule: sanduku, godoro, mablanketi mawili, sweta mbili. Juzi mume wangu akasema, "Zile za sako uzitoe wiki ijayo." Nikaitikia.

Mume wangu si mtu mbaya. Lakini aliwahi kukuta mabonge mawili juu ya kabati, akayainua kwa ncha ya vidole kama mtu aliyeshika panya kwa mkia, akasema mbele ya watoto, "Uzi hauliwi." Tangu siku hiyo kitinda mimba wangu akiniona nafuma huniimbia, "Mama, uzi hauliwi." Wanacheka. Mimi pia hucheka. Yeye Jumamosi huenda kutazama mpira na wenzake na kurudi saa tano usiku, na sijawahi kumuuliza kama mpira unaliwa.

Rafiki yangu wa chama anasema kosa langu ni kufanya kazi ndogo. Amepata mashine ya kufuma sweta ya mkono wa pili, shilingi 45,000, na chama kiko tayari kunidhamini mkopo. Anasema sweta za shule haziishi. Mwingine, tunayeimba naye kwaya, anasema hii ni kamari kama kamari nyingine. Niuze yote, niungame, nisiguse kroshia tena.

Naogopa. Mama, niache kufuma? Nichukue mkopo wa mashine? Na je, nimwambie mume wangu, au nitafute pesa kimyakimya kabla ya Januari?

Mwenye sanduku, Nakuru


JIBU LA MSHAURI

Mwalimu mpendwa,

Sikucheka, ila pale kwa kitinda mimba wako na wimbo wake, hapo unisamehe. Mimi nilifundisha sayansi kimu hadi nikastaafu, na spoku hizo unazozitaja nimewanyang'anya wavulana wengi waliokuwa wakichomana nazo. Basi jua unazungumza na mtu anayependa uzi. Ushauri wangu uupunguze kwa kipimo hicho.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Unauliza kama uache kufuma, lakini nikitafuta ni wapi kufuma kwenyewe kulikupokonya chochote, sipaoni. Zile 9,000 zilikwenda katika kuuza. Zile 150 za siku za mshahara kuchelewa zinakwenda katika kununua. Na kinachosimamisha moyo wako mume akiinama ni kuficha. Ule uzi wa maziwa, ikiwa uliununua kwa 80 na umeufuma mara nne, umekulaza usingizi kwa shilingi 20 kwa bonge kila safari. Sijui dawa ya bei hiyo. Unaona haya kwa kitu ambacho mimi naona ndicho cha busara kuliko vyote ulivyonisimulia.

Niruhusu nianze na kuuza, maana huko ndiko rafiki zako wote wawili wanakokuvuta, mmoja kwa mbele, mwingine kwa nyuma.

Blanketi moja, mabonge matano kwa 150, ni 750. Bei mliyopatana ni 1,300. Inabaki 550. Umesema mawili yalikuchukua siku ishirini, yaani kumi kila moja. Tuseme unafuma saa tatu kila usiku baada ya vyombo. Hizo ni saa 30. Gawanya. Unapata shilingi 18 na senti kadhaa kwa saa, pesa ambazo hazikufikishi mjini kwa matatu. Halafu hesabu usiku wenyewe. Mablanketi 12 kwa siku kumi kumi ni siku 120. Kutoka katikati ya Septemba hadi Krismasi ni siku mia moja na kidogo. Hata yule mama angeshika simu leo, usingemaliza, isipokuwa kwa kufuma darasani watoto wakiimba herufi. Sikuambii haya nikufariji kwamba alikufanyia hisani. Alikukosea. Nakuambia ili usibaki ukiamini kwamba mpango ulikuwa mzuri ukaharibiwa na mtu mmoja, kwa sababu ukiamini hivyo, mtu mwingine aliyevaa vizuri akija utaununua tena.

Bei ya uzi nayo haiko mikononi mwako. Mwingi tunaofumia ni akriliki, na akriliki asili yake ni mafuta ya petroli. Iwe umeingizwa nchini ukiwa uzi au ukiwa nyuzinyuzi za kusokota, mahali fulani njiani umelipiwa kwa dola. Dola moja ilipokaribia shilingi 160 mwanzoni mwa 2024, wauza uzi walipandisha. Baadaye ikashuka hadi karibu 129. Wewe unayepita pale dukani kila mara utaniambia kama bei ilishuka kwa miguu ileile iliyopandia. Upande wa pili kuna mtumba. Mnunuzi wa Nakuru ana mikono miwili: mmoja umeshika blanketi lako la 1,300, mwingine umeshika la mtumba kwa bei ya mabonge mawili ya uzi wako. Blanketi lako ni zuri zaidi, na yeye analijua hilo, na bado atanunua lile lingine, maana naye mafuta ananunua ya kupimiwa.

Kuhusu mashine, nina swali ambalo rafiki yako wa chama huenda hakulifikiria. Kufuma kwa kroshia na kufuma kwa mashine ni kazi mbili tofauti. Kazi halisi ya kroshia haina mashine ya kuifanya. Kila kroshia unayoiona dukani, hata iliyotoka ng'ambo, kuna mkono wa mtu uliopita humo kitanzi kwa kitanzi. Mashine ya sweta ina kitanda cha sindano na kigari unachokisukuma kulia na kushoto, kulia na kushoto, kwa kelele, mchana, kwa maagizo. Vipande vikitoka vinahitaji kuunganishwa, kola ishonwe, vifungo vitiwe. Ni kazi ya heshima na kuna watu imewasomeshea watoto. Ila je, ndiyo unayoitaka? Mkopo wa 45,000 hautakuongezea kile unachokipenda. Utakununulia kazi nyingine kabisa inayotumia uzi.

Kuna pia suala la msimu. Sweta za shule husukumana Desemba na Januari, kisha kibaridi chetu cha Juni hadi Agosti kikaongeza kidogo. Katikati mashine inalala na mkopo haulali. Shule nyingi zina muuzaji wao tayari, na wewe mwenyewe umeona kwenye orodha ya mtoto. Kama wazo hili lina uzito kwako, tafuta fundi wa sweta mjini, umwombe ukae naye Jumamosi mbili, umshikie kazi bure. Umuulize Machi anauza ngapi. Na usishawishike kuziba pengo kwa mikopo midogo ya haraka. Hustler Fund, ule mfuko wa mikopo wa serikali, kwa mfano, riba yake ni asilimia 8 kwa mwaka, hilo si baya, lakini mkopo wa mtu binafsi ni wa siku 14, na blanketi lako moja pamoja na kulitafutia mnunuzi linazidi siku hizo.

Nisije nikaonekana nafunga milango yote. Wapo wanaouza kazi ya mkono. Huko Njoro kuna Kenana Knitters, ambako akina mama wamekuwa wakisokota sufu kwa mkono na kufuma wanyama wa kuchezea wanaokwenda kuuzwa ng'ambo. Wateja wao wanatafuta kazi ya mkono na wanailipia hivyo. Kama utataka kuuza siku moja, swali la kwanza litakuwa ni nani aliye tayari kulipia saa 30, na jibu huenda haliko mtaani kwenu. Mapatano mengine ni madogo: kitu kimoja kwa agizo moja, na arbuni inayotosha uzi kabla kroshia haijatoka mkobani. Asiyetoa arbuni, mpe chai, aende.

Sasa kununua. Hapa nataka niende polepole, kwa sababu naona ndipo ulipofungua moyo bila kujua. Umeniambia unakwenda dukani zaidi mshahara ukichelewa. Halafu ukanieleza stuli, na kuitwa mwalimu, na rangi kutandazwa. Barua yako nzima haina mahali pengine ambapo mtu anakuvutia kiti. Shuleni wanakulipa wanapotaka, nyumbani kila shilingi ina jina la mtu mwingine, na pale kwenye kaunta kwa dakika kumi wewe ndiye unayeulizwa, "Ungependa ipi?" Kwa shilingi 150 unapata uzi na hayo. Mwenzako wa kwaya anaiita kamari. Sikatai kwamba kuna mfanano: kuficha kuko, na kwenda zaidi wakati mfuko umetoboka kuko. Lakini mchezaji kamari anangoja ushindi. Wewe unangoja nini? Nadhani kuna tofauti hapo, na wewe utaijua kuliko mimi au yeye.

Wala si mambo ya leo. Vilabu vya Maendeleo ya Wanawake vilianza 1952, mwaka uleule hali ya hatari ilipotangazwa nchini, na miongoni mwa waliyofundishwa akina mama humo ni kushona na kufuma. Miaka ile haikuwa ya raha. Vile vitambaa vyeupe vilivyotiwa wanga, vilivyolala juu ya kila kochi la utotoni mwetu, vingi vilifumwa na wanawake wasiokuwa na senti ya ziada, na hakuna aliyewauliza kama vinaliwa.

Kama unataka kupunguza bila kukata, kuna njia ambayo huenda unaijua kwa sababu wewe ni bingwa wa kufumua. Nenda kwenye marundo ya sweta za mtumba, zile zilizolegea shingo ambazo hakuna anayezitaka. Pindua sweta uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona ukingo umekatwa na kushonwa kwa zile nyuzi za kuzuia kuchanika, iache, kwa maana kila safu imekatwa na utapata vipande vya urefu wa mkono. Ukiona ukingo mzima, vitanzi vimeshikamana na vitanzi, hiyo ikifunguliwa begani itateremka uzi mmoja hadi pindo la chini, sauti yake kama mvua ndogo juu ya mabati. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, uuanike ukiwa umening'inizwa kitu kizito ili mikunjo iondoke. Sweta moja kubwa ya wanaume inakupa uzi wa majuma, na kuna kuchagua rangi palepale sokoni, ingawa stuli hakuna. Hatari yake naiona: marundo nayo yana utamu wake, na sanduku la bati halina macho ya kujua kama kilichoingia ni kipya au ni cha mtumba.

Tuje kwa kilicho kizito. Umeandika neno "Naogopa" peke yake, kisha ukaruka ukaingia kwenye maswali. Unaogopa nini hasa? Kama unaogopa uso wake, na maneno, na kukumbushwa jambo hili kila Krismasi hadi mzeeke, hilo ni chungu lakini linavumilika. Kama unaogopa mkono wake, basi weka kando yote niliyosema. Usimwambie mkiwa wawili nyumbani. Tafuta mtu mzima anayemheshimu awepo, na uwe na nambari 1195, ambayo hupigwa bure kwa mambo ya dhuluma za kijinsia. Umesema si mtu mbaya nami nakuamini. Nimeuliza kwa kuwa nisingelala kama sikuuliza.

Tukichukua kwamba ni maneno, naona njia kama tatu, na hakuna iliyo laini. Unaweza kunyamaza na kutafuta pesa. Ubaya ni kwamba wiki yako moja imeshaanza kuhesabika, na pesa za haraka zina wenyewe. Wengi walioniandikia kuhusu deni la pili walianza kwa kuficha la kwanza. Unaweza kumwambia yote leo usiku. Uzuri wake ni kwamba moyo utatua, ubaya ni kwamba utamkabidhi mwanamume asiye na kazi wiki hii shimo la 9,000 bila ngazi, na hapo lile neno la "uzi hauliwi" litarudi likiwa na meno.

Ama unaweza kutafuta ngazi kwanza, kwa siku mbili tatu tu. Ulinunua mabonge 60, mablanketi mawili yamekula 10, basi 50 ni mapya. Mrudie mwenye duka anayekuita mwalimu. Mweleze ukweli. Akiyachukua kwa 120, hizo ni 6,000. Anaweza kukataa, anaweza kusema atakubadilishia kwa rangi nyingine (hapo Mungu akusaidie), anaweza kusema atayauza kidogo kidogo akulipe mwezi ujao. Wapo pia wanawake wenzako wanaofuma wanaotafuta uzi wa fungu moja; uliza. Ukienda kwa mume wako na 6,000 mkononi, mazungumzo yanakuwa ya pengo la 3,000. Ila jihoji kwa unyoofu kama siku hizo tatu zitakuwa tatu. Wewe na mimi tunajua jinsi "nimalize safu hii tu" inavyoendaga.

Nina wasiwasi mmoja kuhusu mazungumzo yenyewe. Ninahisi utakuwa na hamu ya kumtajia mpira wa Jumamosi. Una haki, nyumba ambayo mmoja ana saa zake za kupumua na mwingine anazificha chini ya kitanda ina hesabu isiyo sawa. Lakini kama utauleta siku hiyohiyo ya sako, atasikia unajitetea. Pengine uungame kwanza, pesa na uongo wa sako, bila "lakini". Halafu wiki nyingine, mkiwa na chai, mwambie vile vitanzi vitatu, ruka kimoja, vinavyokufanyia. Nadhani hajui. Uliniambia mimi nisiyekujua kwamba unafuma gizani vidole vikihesabu vyenyewe, na nina hakika yeye amelala hapo kando yako kwenye giza hilohilo akifikiri unahangaika na uzi kwa ukaidi. Mwanamume anayekaa siku tisa akiangalia simu anaweza kuelewa kuliko unavyodhani maana ya kuwa na kitu kimoja kinachosonga mbele. Anaweza pia asielewe. Siwezi kukuahidi.

Na mtoto wa Gredi ya 10, je? Ameona sanduku? Watoto wa umri huo wanajua kila kilicho chini ya kila kitanda. Hilo nalo litie kwenye mizani yako.

Nimebaki na jambo dogo. Umenitajia rangi ya maziwa, buluu ya bahari, kijani cha majani ya chai, damu ya mzee. Lakini yale mabonge 50, yaliyokugharimu yote haya, hukunitajia rangi yake hata mara moja. Rangi hiyo uliichagua wewe, au aliichagua yule mama? Ukiniandikia tena, anza na hapo.

Wako, Mama Mshauri